Kinasa data cha gokati: vipuri ni rahisi, kazi iko kwenye saa

Gokati ni gari lililonyimwa karibu kila kitu. Halina springi, halina gia, halina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja nene na huzunguka pamoja, yatake yasitake. Zile za injini ya Honda GX200, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, kwa kawaida hazina hata betri. Ufukara huo ndio uliozifanya zifikiwe na watu wa mifuko ya kawaida tangu Art Ingels alipounda ya kwanza kule California mwaka 1956, kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi. Lakini ndio huohuo unaomwacha dereva gizani: akitaka kujua anapotezea muda kona ipi, ana stopwochi na maneno ya marafiki waliosimama pembeni, basi.

Wenye fedha hununua kinasa data. Jina linalotajwa zaidi katika mchezo huu ni MyChron ya kampuni ya AiM ya Italia, kisanduku kinachofungwa kwenye usukani na kurekodi mwendo, njia aliyopita dereva, mizunguko ya injini na joto lake. Bei yake ni mamia ya dola hata kabla ya usafirishaji na ushuru, na kwa mtu anayekimbia Jumapili mojamoja hiyo ni fedha ya matairi na mafuta.

Ukikitazama kisanduku cha aina hiyo kwa jicho la fundi, ndani hamna cha ajabu: kipokezi cha GPS, kihisi cha mchapuko, kompyuta ndogo na mahali pa kuhifadhia. Vyote hivyo, au ndugu zao wa bei ya chini, utavikuta Luthuli Avenue Nairobi au Kariakoo Dar es Salaam. Kwa nini basi vinasa data vingi vya kujitengenezea huishia kwenye droo? Mimi naona waundaji hutumia akili nyingi kuchagua vihisi, na kidogo mno kufikiria saa. Namba isiyojua ilipimwa lini haina kazi kwenye mbio. Gari likienda kilomita 60 kwa saa hukata mita 16.7 kila sekunde. Namba iliyochelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde imeshahamishwa zaidi ya mita moja na nusu, na hapo huwezi tena kusema dereva alifunga breki mapema au alichelewa.

Swali la kwanza la kila mtu huwa ni simu. Si uifunge tu kwenye fremu umalize? GPS ya simu nyingi hutoa mahali mara moja kwa sekunde. Kati ya nukta moja na inayofuata gari limeshakwenda mita 16.7, na kona fupi yote inaweza kumezwa humo. Utapata ramani ya kuwaonyesha marafiki, si ya kujifunzia.

Bodi niliyochagua ni Raspberry Pi Pico. Ilitoka Januari 2021 kwa dola 4, ina viini viwili vya megahezi 133 na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 264. Wengi huanza na Arduino Uno kwa sababu mafunzo yake yametapakaa kila mahali, nami naiheshimu, ila ile ya kawaida ina kilobaiti 2 tu, na hapo ndipo matatizo ya saa yanapoanzia. Memori kadi huandika kwa vipande vya baiti 512. Mara nyingi kipande huingia kufumba na kufumbua, lakini kila baada ya muda kadi husimama ifanye usafi wake wa ndani, na kanuni za utengenezaji zinairuhusu kadi ya SDHC kukaa hadi milisekunde 250 bila kupokea chochote. Programu iliyoandikwa kwa mtindo wa soma, andika, soma, andika, nayo husimama papo hapo. Robo sekunde imepotea, gari limekwenda mita nne, na kwenye faili hakuna alama yoyote kwamba kuna pengo.

Dawa yake ni kutenganisha kupima na kuandika. Kiini kimoja cha Pico kazi yake ni kupima tu: kila milisekunde 10 kinatengeneza rekodi ya baiti 32, yenye muda wake kwa maikrosekunde, na kuipanga kwenye foleni. Kiini cha pili kinatoa kwenye foleni na kupeleka kwenye kadi. Kadi ikisinzia, foleni inarefuka kidogo kisha inapungua, na kiini cha kwanza hakijui kama kuna jambo lilitokea. Rekodi 100 kwa sekunde ni baiti 3,200. Nikitenga kilobaiti 64 kwa foleni, inabeba data ya sekunde 20, mara themanini ya usingizi mrefu kabisa wa kadi. Hizo baiti 32 nazo hazikuja hivihivi: rekodi 16 hujaza kipande cha 512 bila kubakiza kitu, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla hakuna rekodi inayokatwa katikati. Mazoezi ya dakika kumi hayafiki megabaiti 2, hivyo usihangaike kutafuta kadi kubwa.

Kwenye GPS ndipo panapostahili kuongezewa fedha kidogo. NEO-6M, moduli ya bei ya chini kabisa, hufika mara 5 kwa sekunde. NEO-M8N hufika mara 10 ukiiambia isikilize setilaiti za GPS peke yake. Ukiiongezea GLONASS ya Urusi inarudi kwenye 5. Katika uwanja ulio wazi, wenye mbingu yote juu yake, mimi huchagua 10. Ikitoka dukani moduli hutoa mahali mara moja tu kwa sekunde, kwa kasi ya mawasiliano ya 9,600, na hapa pana mtego wa kuuangalia kwa karibu. Kasi ya 9,600 maana yake ni baiti 960 kwa sekunde. Ujumbe mmoja wa u-blox, kampuni inayotengeneza moduli hizi za NEO, uliobeba kila kitu, yaani mahali, mwendo, uelekeo na muda, ni baiti 100. Ukiiamuru itoe jumbe 10 kwa sekunde, unataka baiti 1,000 zipite kwenye mlango wa 960. Hazipiti. Moduli haitalalamika, jumbe zitapotea hapa na pale, nawe utadhani setilaiti zimejificha. Kwa hiyo amri ya kwanza ya programu ni kupandisha mawasiliano hadi 115,200, ndipo ije ya mara 10 kwa sekunde, kisha ya kuiarifu moduli kwamba imefungwa kwenye gari. Amri zote hutumwa upya kila kifaa kinapowashwa, maana moduli za mitaani, nyingine zikiwa nakala zilizobandikwa tu jina, husahau mipangilio yake umeme unapozimwa.

Hata hapo hatujamalizana na saa. Ujumbe wa GPS unaeleza gari lilipokuwa, si lilipo. Kukokotoa na kusafirisha huchukua makumi ya milisekunde, pengine zaidi, na si muda uleule kila mara. Ukipanga data kwa wakati ujumbe ulipofika, mwendo utaonekana ukijikokota nyuma ya mizunguko ya injini, nawe utailaumu klachi isiyo na kosa. Moduli nyingi zina pini ya ziada iitwayo PPS, ambayo watu huiacha bila waya. Kila sekunde mpya inapoanza, pini hiyo hupanda volti. Ukiiunganisha na Pico, programu inajua saa ya ndani ya bodi ilisoma ngapi wakati sekunde halisi ilipogonga, na kuanzia hapo kila ujumbe unawekwa kwenye wakati ulioandikwa ndani yake, hata ukichelewa njiani. Faida ya pili inakuja bure: kristali ya bodi ya bei hii inaweza kukosea sehemu 30 kwa milioni, ambazo kwa mazoezi ya dakika kumi ni milisekunde 18. PPS huifuta kasoro hiyo.

Kuna jingine linalotuhusu kutokana na tulipo kwenye ramani ya dunia. Programu nyingi za kuanzia hubeba latitudo na longitudo katika namba za desimali za biti 32. Namba hizo zina tarakimu kama saba za kuaminika, na hatua yake ndogo kabisa hutegemea ukubwa wa namba yenyewe. Nairobi iko karibu na digrii 1.3 kusini na 36.8 mashariki. Kwenye 1.3, hatua ndogo kabisa ni sentimita 1.3 ardhini, kwenye 36.8 ni sentimita 42. Matokeo yake ni kichekesho: gari likielekea kaskazini mstari ni laini, likikata kona kuelekea mashariki linaruka kwa ngazi za karibu nusu mita. Fundi wa London ana ugonjwa huohuo uliogeuzwa, longitudo yake laini na latitudo ndiyo yenye ngazi. Si kosa la GPS. Yenyewe hutoa namba nzima isiyo na desimali, ambayo moja yake ni sehemu ya milioni kumi ya digrii, kama sentimita 1.1. Iache hivyo hivyo kwenye faili. Wakati wa kuchambua toa kwanza nukta ya kuanzia, kisha ndipo ubadilishe tofauti iwe mita. Ikweta nayo inatufidia kidogo, kwa sababu kosaini ya 1.3 ni 0.9997, na digrii ya kwenda mashariki inakaribiana na ya kwenda kaskazini, kilomita 111 hivi kila moja.

Mizunguko ya injini haihitaji kihisi cha kununua. Chukua waya wenye ganda, uzungushe mara tatu nne juu ya waya wa plagi, mwisho wake upeleke kwenye saketi. Hakuna chuma kinachogusa chuma. Cheche inaporuka, maelfu ya volti ndani ya waya wa plagi huamsha pigo la makumi ya volti kwenye waya wako, na Pico haivumilii zaidi ya volti 3.3, kwa hiyo katikati pawepo rizista kubwa, dayodi za kubana volti, na saketi ya 74HC14 ya kulinyoosha pigo. Ubishi unaobaki ni kwamba cheche moja haiji kama pigo moja. Huja na msururu wa mitikisiko midogo, na programu ikihesabu yote GX200 itaonekana ikizunguka kama injini ya ndege. GX200 hupiga cheche kila mzunguko, hata ule ambao hauna kazi nayo, hivyo kwa mizunguko 3,600 kwa dakika mapigo hupishana kwa milisekunde 16.7. Iamuru programu izibe masikio kwa milisekunde 5 baada ya kila pigo. Bado inabaki nafasi ya kuhesabu hadi 12,000. Kwa injini za viharusi viwili zinazofika 14,000 punguza ziwe 3, maana huko mzunguko mmoja ni milisekunde 4.3.

Kabla ya kufunga boneti ambayo gokati haina, soma plagi. Ile ya NGK inayopendekezwa kwa GX200 ni BPR6ES, na hiyo R maana yake ina kikinzani ndani cha kupunguza kelele za umeme. Fundi akiweka plagi isiyo na R kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, injini itaunguruma vizuri tu, ila bodi itajizima na kujiwasha yenyewe na GPS itapotea njia, na utatafuta kosa kwenye programu mpaka uchoke.

Kihisi cha mchapuko, MPU-6050, ni cha bei ya soda chache na ndicho kinachodanganya kwa utulivu kuliko vyote. Injini ya silinda moja huitikisa fremu kila mzunguko. Ile iliyoondolewa gavana, yaani kidhibiti cha mizunguko ya injini, ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni mitikisiko 100 kwa sekunde, sawasawa na idadi ya vipimo vyetu. Kila kipimo kinaikuta fremu ikiwa mahali palepale pa mtikisiko. Ni kama kumpiga mtoto picha kwenye bembea kila anapofika juu: picha zote zitaonyesha mtoto anayeelea. Kwenye faili mtikisiko hautaonekana kama fujo. Utaonekana kama nguvu tulivu inayolisukuma gari, na grafu itaonyesha gari linaongeza mwendo mahali ambapo GPS inasema mwendo haubadiliki. Kulainisha grafu baadaye hakusaidii, kwa sababu uongo umeshaandikwa. Lazima mtikisiko uondolewe kabla ya kupimwa. Kihisi hiki kina kichujio chake cha ndani. Ukikiweka kwenye hezi 21 kinazima mitetemo ya injini na kuacha mienendo ya gari, ambayo ni ya polepole. Malipo yake ni kuchelewa kwa milisekunde 8.5, na kwa kuwa tunajua kiasi, tunakitoa kwenye muda wa kila rekodi. Sponji ngumu chini ya kisanduku inasaidia pia. Sponji laini haifai, kisanduku kitacheza densi yake peke yake.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Joto la injini linapimwa kwa themokapo ya aina ya K iliyokazwa chini ya plagi, ikisomwa na saketi ya MAX6675 mara nne tano kwa sekunde, na chuma hakipati joto haraka kiasi cha kuhitaji zaidi. Jihadhari na moduli za bei nafuu za memori kadi: nyingi haziachii waya wa data hata zisipozungumza, na MAX6675 ikiwa kwenye waya huohuo itasoma upuuzi, kwa hivyo ipe waya zake pekee. Umeme upate kwenye betri moja ya 18650, kwa sababu Pico inakubali chochote kati ya volti 1.8 na 5.5. Pawabenki huona mzigo huu mdogo, hudhani simu imejaa, hujizima. Waya za kuchomeka za majaribio ziishie mezani. Kwenye gari lehemu kila kiungo na ukigandishe kwa silikoni. GPS iwekwe mbele, mbali na plagi na mbali na mwili wa dereva.

Muda wa raundi sasa. Viwanja vikubwa vina waya chini ya lami na transponda kwenye gari, na hivyo ndivyo vyenye kauli ya mwisho kuhusu mshindi. Kwetu tunachora mstari wa kufikirika kwenye ramani na kutafuta gari lilipoukata. Kwa vipimo 10 kwa sekunde, nukta hupishana kwa mita 1.67 gari likiwa kwenye kilomita 60. Nukta moja ikiwa sentimita 90 kabla ya mstari na nyingine sentimita 77 baada yake, mstari ulikatwa asilimia 54 ya njia, yaani milisekunde 54 baada ya nukta ya kwanza. Watu hushtuka wakisikia GPS hukosea mita mbili na zaidi. Kosa hilo husogea polepole, na raundi moja hadi nyingine sehemu kubwa yake hujifuta yenyewe. Kinachobaki, tuseme sentimita 30, hugeuka kuwa muda kwa kugawanywa na mwendo: kwenye kilomita 60 ni milisekunde 18, kwenye kilomita 30 ni 36. Mstari wako basi usiuweke kwenye bendera ya kumalizia kwa sababu tu ipo hapo. Uweke mahali gari linapokwenda kasi kuliko pote.

Kwenye kompyuta, raundi mbili hazilinganishwi kwa sekunde, hulinganishwa kwa mita. Jumlisha mwendo upate umbali, anza upya kila mstari unapokatwa, kisha uliza: kwenye mita ya 210, nani alikuwa na mwendo gani? Chukua kona ya kugeuka kabisa inayofuatwa na mita 60 zilizonyooka. Dereva mmoja amechelewa kufunga breki, ameingia kwa kishindo, mwendo wake wa chini ni kilomita 31 kwa saa. Mwenzake kafunga mapema na hajashuka chini ya 34. Gari dogo linaloongeza mwendo kwa mita 1.5 kwa sekunde kila sekunde litamchukua wa kwanza sekunde 4.89 kumaliza mita hizo 60, na wa pili 4.64. Robo sekunde, kwenye kona moja. Kwa injini yenye nguvu hii ndogo mwendo ukishauachia haurudi upesi, na ndiyo sababu namba ya kwanza ninayotazama ni mwendo wa chini wa kila kona, kabla ya muda wa raundi wenyewe.

Vihisi vya usukani, breki na joto la matairi niliviacha makusudi. Kuna kipimo ambacho tayari kimo kwenye faili bila kununua kitu. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 20 na ya nyuma 60, tairi la inchi 11 lina mzingo wa sentimita 88, hivyo mizunguko 3,600 ya injini ni kilomita 63 kwa saa. Chora mwendo unaotokana na injini na ule wa GPS kwenye grafu moja, utazame pale tu mguu ulipo kwenye mafuta. Mahali mistari miwili inapoachana wakati wa kutoka kona, klachi inateleza au matairi ya nyuma yanazungukia bure. Mahali inapokwenda pamoja kisha yote miwili ikalala bapa kabla mstari ulionyooka haujaisha, gavana ndiye anayeendesha, si dereva. Hapo weka sproketi ya nyuma ya meno 58, kikomo kipande hadi kilomita 65, na kabla ya kuikaza kabisa rudi uangalie kama ule mwendo wa chini wa kona ya kugeuka kabisa bado unaiacha injini juu ya mizunguko ambayo klachi inashika.